Uwanja wa Olmoti upimwe kwa mechi ya Jumatano

Kaa kijiwe chochote cha Arusha jioni, iwe Kilombero, Sakina au Kwa Mrombo. Haitachukua muda kabla mtu hajatoa simu na kukuonyesha uwanja mpya wa Olmoti, ule wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027. Mmoja ana mchoro wa kompyuta wenye nyasi za kijani ambacho hakijawahi kuonekana duniani. Mwingine ana video ya droni, nguzo na kreni zikionekana kutoka juu. Ubishi unaanza hapohapo. Paa litafunika majukwaa yote au ni VIP tu? Nyasi za asili au kapeti? Kutoka kiti cha mbele hadi mstari wa pembeni ni hatua ngapi? Machalii wa Chuga ambao juzi walikuwa makocha wa Simba na Yanga leo ni wahandisi wa majengo, na sioni ubaya. Fedha ni za umma, kwa hiyo acha watu wabishane.

Kinachonisumbua ni kwamba ubishi wote unaishia siku ya ufunguzi. Watu wanauona uwanja ukiwa umejaa, bendera za mataifa zinapepea, taa zinawaka. Sijasikia kijiwe kinachobishania uwanja huohuo Jumatano moja ya Februari 2029, saa 10 jioni, timu ya hapa ikicheza na timu ya mkoa mwingine ambayo nusu ya watu hawajui hata jezi yake ni ya rangi gani. Mimi nadhani hiyo ndiyo siku ya kuupimia uwanja.

Tuanze na hesabu. CAF ilizipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa AFCON ya 2027 katika kikao cha Cairo cha Septemba 27, 2023. Nusu mwaka baadaye, Machi 2024, Serikali ikasaini mkataba na kampuni ya China Railway Construction Engineering Group wa kujenga uwanja wa watu wapatao 30,000 katika kata ya Olmoti, jijini Arusha, kwa gharama iliyotajwa wakati ule kuwa karibu Sh286 bilioni. AFCON yenye timu 24 ina mechi 52. Ukizigawa kwa nchi tatu, na kila nchi ikawa na viwanja vitatu, uwanja mmoja unapata mechi tano au sita. Tuseme Olmoti imebahatika ikapata saba.

Sasa chukua timu moja tu ya Ligi Kuu. Ligi ina timu 16, kwa hiyo kila timu inacheza nyumbani mara 15 kwa msimu. Yaani timu moja ya kawaida, hata ile inayohangaika mkiani, ingeupa uwanja ndani ya msimu mmoja mechi zaidi ya mara mbili ya zile ambazo AFCON itauachia. Na mwakani ingezileta tena.

Arusha haina timu hiyo. JKT Oljoro walishuka mwisho wa msimu wa 2013/14, na hadi msimu wa 2025/26 jiji hili halikuwa na timu yake Ligi Kuu. Limekuwa likihangaika madaraja ya chini. AFC, timu ambayo wazee wa Ngarenaro wakianza kuizungumzia chai inapoa, imebaki kuwa historia zaidi kuliko tishio. Mbuni, timu ya jeshi, wamekuwa wakipambana kwenye Ligi ya Championship, na anayefuatilia mechi zao anajua majukwaa yanavyokuwa: watu wa mpira kabisa, wanajeshi, watoto waliotoka shule, na nafasi ya kutosha mtu kunyoosha miguu.

Cha kuuma zaidi ni kilichotokea msimu huohuo ambao Oljoro walishuka. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ilikuwa imepanda kwa mara ya kwanza, ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Watu wa Mbeya walijaa Sokoine kwa mechi ambazo hazikuwa na Simba wala Yanga. Walikuwa na timu inayoitwa kwa jina lao, basi. Walishuka baadaye na wakarudi, lakini walichokionyesha hakifutiki. Baada ya hapo Kinondoni wakawa na KMC, Dodoma wakawa na Dodoma Jiji, na Mwanza wakaibeba Pamba Jiji hadi ikarejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya zaidi ya miaka 20 nje. Halmashauri zenye kero zote zile za barabara na madawati zimeweza. Jiji la Arusha, lenye hoteli na ofisi za safari kila kona na mkutano wa kimataifa kila mwezi pale kituo cha mikutano cha AICC, bado linasubiri wageni wa Ligi Kuu waje kucheza.

Na wageni wakija, Arusha inajaa kweli. Julai 2, 2022 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa kwenye uwanja wetu wa zamani, Sheikh Amri Abeid, Yanga dhidi ya Coastal Union, sare ya 3-3, Sopu akafunga mabao yote matatu ya Coastal na bado Yanga wakaondoka na kombe kwa penalti. Mechi ile inasimuliwa hadi leo na watu ambao, kwa idadi yao, wasingeweza kuenea wote uwanjani. Msimu wa 2024/25 Coastal wenyewe walihamishia hapa baadhi ya mechi zao za nyumbani, na Simba na Yanga walipopita, mji ulisimama. Kuna wanaoutoa mfano huo kama suluhisho: timu yoyote itakayokwama na uwanja wake italetwa Olmoti, tutakuwa mwenyeji wa kila mtu.

Siafiki. Timu ya kupangishwa haina ndoa na mji. Ndugu zetu wa Moshi wanaweza kutupa somo hapa bila ada. Polisi Tanzania walikuwa wakichezea Ushirika, Moshi ikawa na Ligi Kuu, kisha mwaka 2023 wakashuka. Mwaka huohuo Kitayosce, timu iliyoanzia Kilimanjaro, ilipanda, lakini wakati huo ilikuwa imeshahamia Tabora, na haikuchukua muda ikaitwa Tabora United. Wamoshi walipoteza timu mbili ndani ya kipindi kifupi: moja iliteremka, nyingine ilipanda basi.

Kwa hiyo nikirudi kwenye michoro, macho yangu hayaendi kwenye paa kwanza. Ila kwa kuwa wote mnaanzia kwenye paa, na tuanzie hapo.

Mechi zetu nyingi za mchana zinaanza saa 10 jioni. Viwanja vya mpira kwa kawaida hulazwa kaskazini na kusini ili jua la jioni lisimpige kipa machoni, na jukwaa kuu huwekwa magharibi ili wakubwa waligeuzie jua mgongo. Anayebaki analitazama jua ana kwa ana ni nani? Ni mtu wa mashariki, mara nyingi mwenye tiketi ya mzunguko, aliyelipa kidogo kuliko wote. Kumjengea paa juu ya kichwa ni jambo jema kwa mvua, lakini saa 11 jua halitoki juu, linaingia kwa mshazari chini ya paa na kumkuta palepale. Kinachomsaidia ni jukwaa la magharibi na paa lake kuwa na urefu wa kutosha kutupa kivuli hadi ng'ambo. Kwa hiyo unapoonyeshwa picha ya paa zuri, uliza kivuli chake kinafika wapi dakika ya 60. Sheikh Amri Abeid kuna jukwaa kuu lenye paa na wengine wote wanajitegemea na kofia zao. Hilo tumelizoea, lakini kwa Sh286 bilioni hatupaswi kulizoea tena.

Wapo pia wanaotamani upande wa kaskazini uachwe wazi ili Mlima Meru uonekane kwenye televisheni. Wazo zuri, ila wenyeji tunajua jinsi Meru inavyopenda kujifunika mawingu mchana. Watalii huisubiri siku tatu. Msiuuzie ulimwengu picha ambayo mlima wenyewe haujakubali.

Linalostahili ubishi mrefu kuliko paa ni mageti, na hapa nitakaa kidogo.

Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza, ambao wahandisi wa nchi nyingi huutumia, unasema watu wote watoke kwenye majukwaa ndani ya dakika zisizozidi nane, na kwamba kwenye njia tambarare watu 82 wanaweza kupita katika kila mita moja ya upana kwa dakika moja. Kwenye ngazi ni wachache zaidi. Piga hesabu ya Olmoti. Watu 30,000 kwa dakika nane ni watu 3,750 kila dakika. Gawa kwa 82, unapata karibu mita 46. Huo ni upana wa njia zote za kutokea zikijumlishwa, kila moja ikiwa wazi, hakuna iliyofungwa kwa mnyororo kwa sababu mwenye ufunguo kaenda kunywa soda, hakuna iliyozibwa na gari la matangazo wala na meza ya muuza jezi. Ukifunga robo ya mageti, dakika nane zinakuwa karibu kumi na moja. Kwenye karatasi ni tofauti ndogo. Kwenye msongamano, dakika tatu ni muda mrefu mno.

Tumeshaonyeshwa. Januari 24, 2022, nje ya uwanja wa Olembe jijini Yaoundé, watu wanane walikufa katika mkanyagano kabla ya mechi ya Cameroon na Comoro kwenye AFCON. Ulikuwa uwanja mpya, wa kisasa, wenye kila kitu kwenye michoro. Geti lililotakiwa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Kwetu pia, Mei 28, 2023, siku ya fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alifariki na wengine kadhaa waliumia katika msongamano wa kuingia Mkapa. Mara zote mbili balaa lilitokea nje, kwenye kuingia, mahali ambapo hakuna mchoro wa kijiweni unaofika. Mchoro unaonyesha bakuli la viti. Hauonyeshi foleni ya kukaguliwa tiketi, wala kona ambayo watu 5,000 watabanana kwa sababu mashine za N-Card, kadi ya kuingilia uwanjani, ni chache na wote wamekuja saa 9 na nusu, maana sisi ni sisi.

Tena kutoka uwanjani ni nusu ya safari. Mtu akishavuka geti anahitaji kurudi Ngaramtoni, Usa River, Kijenge, Tengeru. Haisi moja tuiwekee abiria 15. Nusu ya watazamaji wakitegemea usafiri wa umma, hizo ni safari 1,000 za haisi kutoka upande mmoja wa mji, ndani ya saa moja au mbili, usiku ikiwa mechi ni ya taa. Bodaboda watasaidia, na watapandisha nauli, hilo halihitaji utafiti. Barabara ya mchepuo imepunguza malori mjini, lakini barabara ya kuzungukia mji na barabara ya kuingilia uwanjani ni vitu viwili tofauti. Masika yakikolea, udongo wa upande huo wa mji haumwonei huruma mtu aliyeegesha gari pembeni kwa matumaini. Hivyo ningependa kuona michoro ya vituo vya haisi, njia pana za waenda kwa miguu zenye taa, na mifereji. Haitapata hata alama za kupenda mia moja mtandaoni, najua.

Eneo la kuchezea nalo lina hadithi ya karibu. Mwaka 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mechi ya marudiano ikatakiwa kuchezwa nyumbani, na nyumbani hapakuwa tayari. Nyasi za Mkapa zilikuwa zimechoka na mvua ilikuwa imenyesha. Mei 25 mechi dhidi ya RS Berkane ikachezwa Amaan, Zanzibar, mbele ya watu wachache sana kuliko wale 60,000 ambao Mkapa ungewabeba. Simba walihitaji kupindua kipigo cha 2-0, wakatoka sare ya 1-1. Siwezi kusema Mkapa iliyojaa ingebadilisha matokeo. Naweza kusema kwamba klabu ilinyimwa nafasi ya kujaribu, kwa sababu ya nyasi. Na miaka miwili kabla, Aprili 2023, taa za uwanja huohuo zilizimika Yanga wakicheza na Rivers United.

Mkapa ulifunguliwa 2007. Ulikuwa fahari, na bado ni fahari, lakini ulitumikishwa: klabu mbili kubwa, timu ya taifa, matamasha, mikutano, sala, sherehe. Olmoti ina hatari mbili zinazopingana. Ikikosa mechi, itachakaa kwa kukaa bure, mpira unaotumika hudunda kuliko ulioning'inizwa dukani. Ikipata wapangaji wa kila aina ili ijilipie, kila jukwaa la muziki litakaloshushwa katikati ya nyasi litabeba na mizizi. Ndiyo maana viwanja vya mazoezi vya pembeni ni muhimu kuliko vinavyosifiwa. Vikijengwa vizuri, timu ya vijana, mechi za shule na ligi ya mkoa zitachezwa humo, na nyasi kubwa zitapumua.

Kuhusu njia ya riadha sitasema mengi. Wapenzi wa mpira hawaitaki kwa sababu inawasogeza mbali na mchezo, na wako sahihi. Lakini huu ndio ukanda uliomtoa Filbert Bayi wa Karatu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Wakimbiaji waachiwe Sheikh Amri Abeid, na itunzwe kwa ajili yao, isigeuzwe gofu siku Olmoti ikifunguliwa. Mmiliki wake ni CCM, kwa hiyo mazungumzo hayo yana mlango wake na wanaohusika wanaujua.

Wanaosema "tujenge kwanza, timu itakuja yenyewe" wawatazame Wabrazil. Kwa Kombe la Dunia la 2014 walijenga uwanja mkubwa Manaus, katikati ya msitu wa Amazon, katika mji usiokuwa na timu ya daraja la kwanza. Ulichezewa mechi nne za Kombe la Dunia. Kule Brasília, maegesho ya uwanja mpya wa mabilioni yaliishia kuegeshwa mabasi ya abiria. Na wale ni Wabrazil, mpira ni wao.

Sasa Jumatano yetu. Timu ya Arusha, tuseme imeshapanda, inacheza na timu ya kawaida. Wanakuja watu 2,000. Uwanja uliochorwa kwa ajili ya siku ya kujaa tu unamlazimisha meneja achague kati ya mawili: afungue kila kitu, alipe walinzi, wasafishaji na umeme wa watu 30,000 kwa mapato ya watu 2,000, au aikatae timu na kuirudisha Sheikh Amri Abeid. Akipiga hesabu mara mbili tatu, ataikataa. Ndivyo uwanja wa umma unavyoanza kulala ukiwa bado mpya.

Uwanja uliochorwa kwa siku zote mbili una jukwaa moja linaloweza kujitegemea. Lina geti lake, vyoo vyake, maji yake, vibanda vyake vya chakula, mita yake ya umeme na vyumba vya kubadilishia nguo chini yake. Linafunguliwa lenyewe, mengine yanabaki giza. Watu 2,000 wakikaa pamoja sehemu ya chini ya jukwaa hilo wanapiga kelele inayosikika, wachezaji wanaisikia, na kwenye televisheni haionekani kama mazishi. Chini ya majukwaa mengine, upande unaoelekea barabarani, panakuwa na maduka yanayofunguliwa kila siku: kliniki, benki, mgahawa, ofisi za mawakala wa utalii. Kodi yao ndiyo inayokata nyasi Jumanne.

Mambo haya huamuliwa na mabomba na nyaya, mapema, kabla zege halijafunika. Kuongeza mita ya pili ya umeme kwenye mchoro ni kazi ya mchana mmoja wa mhandisi. Kuiongeza baada ya ukuta kupakwa rangi ni zabuni mpya. Kwa hiyo atakayepata nafasi ya kumuuliza mkandarasi au afisa wa wizara swali moja tu, aachane na paa. Aulize kama jukwaa la magharibi linaweza kuwashwa taa peke yake, na swichi yake iko chumba gani.